Mtungi Una Shingo, Una Tumbo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Magdalene Odundo

Darasa letu la ufinyanzi hukutana Jumamosi hapa Dar es Salaam, na kila ninapotoa picha za mitungi ya Magdalene Odundo maswali huwa yaleyale. Wengine huuliza kwa mshangao, wengine kwa kubeza kidogo, na wapo wanaouliza kwa sababu wanataka kwenda kujaribu nyumbani jioni ileile. Nimeyakusanya hapa ili nisiwe narudia kila wiki. Majibu ni yangu, na pale ninapoegemea upande utaona mwenyewe.

Huyu Magdalene Odundo ni nani?

Ni mfinyanzi ambaye mitungi yake watu husema inafanana na mwili wa mtu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na masomo yake ya utotoni aliyapata India na Kenya, Mombasa ikiwemo. Hakuanza na udongo. Alisomea michoro ya biashara, akafanya kazi katika matangazo, kisha mwaka 1971 akaenda Cambridge, Uingereza, kuendelea na sanaa. Huko ndiko udongo ulikomnasa. Akasoma chuo cha sanaa cha Farnham kuanzia 1973 hadi 1976, na baadaye Royal College of Art, London, kuanzia 1979 hadi 1982. Miaka mingi baadaye alirudi Farnham kama mwalimu, akawa profesa, na mwaka 2018 akawa chansela wa University for the Creative Arts, chuo kilichorithi kile alichosomea. Mwaka 2020 alipewa nishani ya Uingereza yenye cheo cha Dame.

Ni Mkenya au Mwingereza?

Ni Mwingereza mzaliwa wa Kenya. Wanaogombania jina lake wana haki wote.

Mwalimu, mimi naona mtungi tu. Huo mwili wanaousema uko wapi?

Hili ndilo swali kubwa, na nalipenda kwa sababu anayeliuliza huwa amekwisha kulijibu bila kujua. Mwambie akueleze huo mtungi anaouona. Atasema: mdomo wake umepanuka, shingo ni ndefu, mabega yamelala, tumbo limejaa, kitako ni chembamba. Hajasema neno hata moja ambalo daktari hawezi kulitumia kwa mgonjwa. Kikombe kina sikio. Birika lina mkono. Chupa ina shingo, na meza ina miguu. Lugha yetu ilishaamua zamani kwamba chombo ni mtu, nasi tunayatamka hayo kila siku tukiwa jikoni bila kushtuka.

Odundo analichukua jambo hilo na kulirudisha kwenye udongo kwa uzito wote. Hafinyangi sanamu ya mwanamke kisha akaitoboa juu iitwe mtungi. Anafinyanga mtungi kweli, wenye uwazi ndani, halafu anauacha ukumbuke kwamba una shingo. Amewahi kueleza kwamba mwili wenyewe anauona kama chombo: kitu kinachotubeba sisi tuliomo ndani. Ukilishika hilo, hutatafuta tena pua na macho.

Angalia sasa vitu vidogo. Kwenye ubavu wa mtungi utakuta chunusi mbili za udongo, ndogo kama chuchu au kitovu. Mgongoni pengine kuna safu ya vinundu vinavyoshuka mmoja baada ya mwingine, na mkono wako unajua hiyo ni pingili ya uti wa mgongo kabla akili haijafika. Vingine vimekaa kama vipele vya baridi. Huwa ni vichache, na mahali vilipowekwa ndiko kuliko na kazi: chunusi ileile ukiisogeza vidole viwili juu, kitovu kinakuwa pambo.

Na kuna kusimama kwake. Mingi haikusimama wima kama askari. Mdomo umelalia upande, shingo imepinda, tumbo limesogea mbele kana kwamba mtu amehamisha uzito kwenda mguu mmoja akisubiri zamu yake bombani. Odundo ametaja uchezaji wa ngoma na mikao ya wachezaji miongoni mwa vinavyomvutia. Mimi nikiitazama mitungi miwili iliyowekwa karibu huwa naona wanawake wawili marafiki wanaosengenya.

Ni wanawake wajawazito, sivyo?

Mingine inasomeka hivyo, hasa ile ya tumbo la mviringo lililokaa juu ya kitako chembamba sana. Lakini usiifunge yote humo. Ipo iliyonyooka na mikavu kama kijana wa kiume aliyerefuka ghafla, na ipo ambayo jinsia yake inabadilika ukiizunguka. Nikimsikia mwanafunzi anasema kwa uhakika mno kwamba huu ni mimba, humwomba aende upande wa pili wa picha. Picha haina upande wa pili, bila shaka, na ndiyo hasara ya kujifunza mitungi kwa simu.

Ile midomo mikubwa iliyofunguka kama kichwa kimevutwa nyuma ilitoka wapi?

Sehemu yake ilitoka kaskazini mashariki mwa Kongo, kwa Wamangbetu. Watu wa tabaka la juu huko walikuwa wakifunga vichwa vya watoto wachanga kwa kamba au vitambaa ili fuvu lirefuke kwenda nyuma, na wanawake walisukia nywele juu ya umbo hilo mpaka zikawa kama taji lililopanuka. Desturi hiyo ilififia wakati wa utawala wa Wabelgiji. Picha zilizopigwa mwanzoni mwa karne ya 20, zikiwemo za msafara wa jumba la makumbusho la New York la American Museum of Natural History uliokuwa Kongo kuanzia 1909 hadi 1915, zilisambaa dunia nzima. Ukiweka mojawapo pembeni ya mtungi wa Odundo wenye mdomo wa mshazari, hakuna haja ya maelezo.

Hapa kuna jambo ambalo huwa linanichekesha. Wamangbetu wenyewe walikuwa na vyungu vyenye kichwa cha mtu juu, na watu hudhani ni vya kale sana. Watafiti wengi wanaona kwamba vilishamiri hasa wageni wa kigeni walipoanza kuja kununua, yaani mfinyanzi alisoma soko. Kwa hiyo anayesema Odundo "amechukua asili safi ya Afrika" ajue kwamba asili yenyewe ilikuwa na macho ya biashara. Isitoshe, Odundo hachukui Afrika peke yake. Mavazi ya Waingereza wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na ile kola yao pana iliyokunjwakunjwa shingoni, nayo yamo katika orodha ya vitu alivyovitazama kwa makini. Shingo ni shingo, iwe ya Isiro kule kwa Wamangbetu au ya London.

Ufinyanzi alijifunzia Kenya, kwa bibi zake?

Watu wangependa iwe hivyo. Hadithi ingekaa vizuri. Ukweli una safari ndefu zaidi. Alipokuwa bado mwanafunzi Uingereza, katikati ya miaka ya 1970, alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja (mji ambao sasa unaitwa Suleja). Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wanaume walifundishwa huko kufinyanga kwa gurudumu linalozungusha udongo, lakini wenye maajabu walikuwa wanawake wa Kigbari, waliojenga mitungi mikubwa kwa mkono huku wakiizunguka wao badala ya mtungi kuzunguka. Maarufu kuliko wote alikuwa Ladi Kwali, aliyeingia kituoni mwaka 1954. Ukipata noti ya naira 20, igeuze: ndiye huyo na mtungi wake.

Alitembelea pia Kenya kuangalia wafinyanzi wa nyumbani, na akafika San Ildefonso, New Mexico, Marekani, kwa Maria Martinez, mwanamke wa Kipueblo (wenyeji wa asili wa huko) aliyesifika kwa vyungu vyeusi vinavyong'aa kama kioo. Na kule Farnham kulikuwa na mwalimu Msudani, Siddig El Nigoumi, aliyeijua kazi ya kung'arisha udongo kwa jiwe tangu kwao. Kwa hiyo msichana wa Nairobi alikwenda Farnham kukutana na ufundi wa Sudan, akaenda Nigeria kukutana na wanawake waliofanana na waliokuwa Kisumu na Kakamega, akapita New Mexico, ndipo mkono wake ukatulia. Sioni aibu katika hilo. Jirani yako unaweza kumfahamu vizuri ukiwa mbali.

Anatumia gurudumu?

Hapana. Anajenga kwa mkono. Anaanza na bonge la udongo, analitoboa kwa ngumi, anavuta kuta zipande, kisha anaongeza kamba za udongo moja juu ya nyingine. Kuta anazikwangua kwa kipande cha kibuyu na vifaa vingine vya kawaida mpaka ziwe nyembamba kuliko unavyodhani.

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu namna ya kujenga ndiyo inayoleta mwili. Anayefinyanga kwa gurudumu hupata mduara bure, na duara kamili haliko popote mwilini mwako, hata kwenye mboni ya jicho. Anayejenga kwa mkono huweka mkono mmoja ndani na mwingine nje. Wa ndani unasukuma, wa nje unazuia. Umbo linatokea kati ya hizo nguvu mbili, kama ngozi inavyopata umbo lake kutokana na mfupa na pumzi zilizoko chini yake. Ndiyo maana mitungi yake inaonekana kama imejaa hewa, kama iliyovuta pumzi na haijaitoa. Wanafunzi wangu wanaoiga kwa macho hufinyanga kutoka nje, wakibonyeza hapa na pale. Inatoka sanamu ya mtungi iliyochoka.

Baada ya hapo ni kung'arisha. Mtungi ukianza kukauka, lakini bado una unyevu wa ngozi ya mbuzi, unasuguliwa kwa jiwe laini. Unapakwa tope jepesi sana la chembe ndogo za udongo, unasuguliwa tena, na tena. Chembe za udongo ni bapa kama magamba; ukizisugua zinalala upande mmoja na kurudisha nuru. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na Odundo hatoi mitungi mingi kwa mwaka.

Ni glezi gani ile?

Hakuna glezi. Hakuna rangi ya kioo iliyopakwa juu. Mng'ao wote ni udongo uliosuguliwa. Glezi ingekuwa nguo, na hapa inatakiwa ngozi.

Mbona mingine ni mekundu ya chungwa na mingine myeusi kabisa? Ni udongo tofauti?

Udongo unaweza kuwa uleule. Kilichobadilika ni moto. Udongo mwekundu una chuma ndani yake. Ukichomwa kwenye tanuri lenye hewa ya kutosha, chuma hicho kinashikana na oksijeni na kutoa rangi ya tofali au chungwa. Odundo huwa anachoma kwanza namna hiyo. Mtungi anaoutaka mweusi anauchoma tena ukiwa umefungiwa pamoja na vitu vinavyoungua, kama vipande vya mbao, kwenye kasha lisiloingiza hewa. Moto ukikosa oksijeni huinyang'anya kutoka kwenye chuma cha udongo, na chuma kinageuka cheusi. Wakati huohuo kaboni ya moshi inapenya kwenye vitundu vya udongo na kukaa humo. Sio masizi ya juujuu. Huwezi kuyafuta kwa kitambaa.

Pale hewa ilipopita kidogo, rangi haikubali kuwa moja. Bega linabaki jekundu, tumbo linakuwa jeusi, na katikati kuna kahawia, zambarau, wakati mwingine mng'ao kama wa mafuta juu ya maji. Mitungi ya aina hiyo naiweka juu ya yote. Hakuna ngozi ya mtu iliyo rangi moja kuanzia kisogoni mpaka kisiginoni. Mama zetu wakichomea vyungu uwanjani kwa kuni na majani wanaipata alama hiyo kila siku, na mnunuzi analalamika kwamba chungu kina doa.

Unaweza kuwekea maji?

Maji yatatoka jasho, kama mtungi wowote usio na glezi. Kwa mtungi wa nyumbani huo ndio uzuri wake, maana jasho likikauka ndilo linalopoza maji. Lakini hakuna anayewekea maji mtungi wa Odundo, na hapo wanafunzi wangu hukasirika: chombo kisichofanya kazi ni chombo gani? Jibu langu ni kwamba kinafanya kazi moja, kubeba nafasi. Wapo ambao jibu hilo haliwatoshi, nami sigombani nao.

Mitungi yake ina majina gani?

Mengi ni maelezo tu: mtungi mweusi, mrefu, wenye shingo nyembamba, au kipande kisicholingana pande. Mingine haina jina. Kazi moja ya ujana wake, ya miaka ya 1974 hadi 1976, inaitwa Esinasulo, yaani mbeba maji. Nadhani alifanya vyema kuachana na majina yenye hadithi. Ukiandika "Mama" chini ya mtungi, mtazamaji ataacha kutazama.

Amewahi kutumia kitu kingine zaidi ya udongo?

Ndiyo, kioo. Kazi yake Transition II ya mwaka 2014 ina vipande 1,001 vya kioo vilivyoning'inizwa kama kundi la samaki au ndege. Umbo la kipande kimoja kimoja lilianzia kwenye pambo la sikio la Misri ya kale aliloliona katika makumbusho ya Petrie, London. Umeona? Hata alipouacha udongo alirudi kwenye tundu la sikio.

Tunaweza kuiona wapi kwa macho?

Iliyo mingi iko mbali nasi: British Museum na Victoria and Albert Museum mjini London, Fitzwilliam mjini Cambridge, Metropolitan mjini New York, na National Museum of African Art mjini Washington. Wenye ndugu huko wawatume. Mwaka 2019 yalifanyika maonyesho makubwa katika Hepworth Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, kisha Sainsbury Centre, Norwich, ambapo mitungi yake iliwekwa pamoja na vitu alivyovichagua mwenyewe kutoka nchi na zama mbalimbali, ili watu waone macho yake yalipopita. Mwaka 2022 alikuwa katika maonyesho makuu ya Venice.

Ukishindwa kusafiri, nenda sokoni ukaombe kugusa mtungi mpya wa maji. Weka kiganja kwenye tumbo lake. Jumba la makumbusho halitakuruhusu kufanya hivyo.

Bibi yangu anafinyanga Usangi na chungu chake hakifiki hata bei ya kuku. Kwa nini huyu auze kwa bei ya nyumba?

Swali hili liliulizwa na dada mmoja wa Kipare, kwa hasira, na nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu. Waswahili walikwisha sema: mfinyanzi hulia gaeni. Sehemu ya jibu ni soko. Chungu cha bibi kinashindana na sufuria ya alumini. Mtungi wa Odundo unashindana na sanamu. Bibi anatoa vyungu vingi kwa mwezi na hana budi kuviuza kabla ya mvua, huyu anatoa vichache kwa mwaka na wanunuzi wanasubiri foleni.

Sehemu nyingine ni kazi yenyewe, na sitajifanya haipo. Odundo ametumia miaka karibu 50 kutafuta jambo moja, jinsi shingo inavyotoka kwenye bega, na amelifikisha mahali ambapo wengi hawajafika. Lakini bibi wa Usangi naye anayo bega lake la mtungi, na sijamwona mwandishi wa sanaa aliyepanda mlima kwenda kulitazama. Yule dada aliniuliza kama ninaona hilo ni haki. Nilimwambia sioni. Wiki iliyofuata alileta chungu cha bibi yake, na tulikichora darasa zima kwa saa mbili.

Nataka kujaribu. Nianzie wapi?

Tafuta udongo mwekundu wenye kunata. Udongo mweupe wa Pugu ni mzuri kwa kazi nyingine, ila una chuma kidogo, hautakupa wekundu. Changanya na mchanga laini au vigae vilivyosagwa, usiache punje kubwa maana zitakwaruza wakati wa kung'arisha. Jenga kitu kisichozidi ukubwa wa embe. Kabla ya kufinyanga, weka mkono wako kwenye shingo yako mwenyewe, shuka nao mpaka begani, taratibu, mara kadhaa. Usichore. Kiganja kina kumbukumbu nzuri kuliko karatasi.

Kwa tope la kung'arishia, koroga udongo kwenye maji mengi kwenye ndoo, acha utulie usiku kucha, kisha chota sehemu ya katikati tu, ile inayoelea kama chai ya maziwa. Maji meupe ya juu na mchanga wa chini viache. Paka mara tatu au nne, tabaka nyembamba. Sugua kwa kokoto laini ya mtoni, mgongo wa kijiko, na mwisho kipande cha mfuko wa plastiki kilichozungushwa kidoleni.

Moto usiwe mkali mno. Ukivuka nyuzi 1,000 hivi mng'ao unaanza kufa. Na udongo uwe mkavu kweli. Chungu changu cha kwanza cha namna hii nilikisugua siku tatu, nikakishika shavuni kupima, nikakiona kina baridi, nikakitia motoni hivyohivyo kwa kukosa subira. Ubaridi ule ulikuwa maji. Mvuke ulipokosa njia kilipasuka na kuchukua viwili vya jirani. Siku hizi darasani kila mtu anaweka chungu chake shavuni mara mbili, asubuhi na mchana, na kama bado kina baridi tunakirudisha rafuni mpaka Jumamosi nyingine.